Mti wa Wahome Ulionuka Busaa

Siku Wahome alipoubeba mti wake wa pesa kwa mikono miwili, akakata uwanja akichechemea na kuuingiza nyumbani kwa Ooko, wapangaji wote wa ploti walitoka nje kuangalia. Watu hawakuamini. Ilikuwa kama kumwona mtu akimkabidhi fisi funguo za bucha.

Wahome alikuwa muuza misumari na mabati, mtu wa Nyeri aliyekaa Kisumu miaka ishirini na miwili, na mti ule aliupenda kuliko gari lake. Ulikuwa na mashina matano membamba yaliyosukwa pamoja kama nywele za msichana wa shule, na juu yake majani mapana yaliyotawanyika kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Aliununua mwaka aliofungua duka, ukiwa na kimo cha chupa ya soda. Sasa ulimfika kifuani. Hakusema kwamba mti wa pesa, kama watu wanavyoamini, ndio uliomletea wateja, lakini pia hakukana.

Nyonga yake ilikuwa imeharibika, na madaktari wa kwao walikuwa tayari kumwekea nyingine. Angekaa huko miezi mitatu pamoja na mkewe Waceke, na nyumba ingefungwa. Mti haungeweza kufungiwa ndani, kwa hivyo ulihitaji mlezi.

Sasa pale mlango wa tatu aliishi Waliaula, mwalimu wa kilimo katika shule ya upili, mwenye cheti kilichotundikwa ukutani ndani ya fremu. Kila mtu alijua mti ungekwenda kwake. Waliaula mwenyewe alishautengenezea nafasi kando ya televisheni. Kwa hivyo Wahome alipompita mlangoni bila kugeuza kichwa na kuelekea kwa Ooko, mwalimu aliumia, na alipoumia alisema. Alisema kwamba mti huo ungepewa bia asubuhi na busaa jioni, na kwamba Wahome akirudi ataukuta umelala mtaroni ukiimba.

Maneno hayo yalikuwa na mzizi. Ooko alikuwa fundi wa injini za boti kule Dunga, fundi mzuri, lakini kwa miaka kumi alikunywa busaa, ile pombe ya wimbi, kama mtu aliyelipwa kuimaliza. Mara moja alilala ndani ya boti ya mtu akaamkia Kendu Bay, ng'ambo ya ziwa, bila viatu na bila kumjua hata mtu mmoja. Aliacha mwaka mmoja na miezi minne iliyopita. Aliacha kwa sababu mkewe Caren alimwambia neno moja tu, tena akiwa anakunja nguo bila kumtazama: siku nyingine akisikia harufu ya busaa ndani ya nyumba hii, atafunga mizigo aende kwao Awasi, na hatarudi. Caren hakuwa mtu wa kurudia maneno. Tangu siku hiyo hakulitaja tena, lakini kila Ooko alipoweka kikombe chini, Caren alikipeleka puani kabla ya kukiosha.

Wahome aliuweka mti sebuleni, karibu na dirisha lakini si machoni pa jua. Kisha akatoa karatasi na kuibandika ukutani kwa gundi. Kikombe kimoja cha maji kila baada ya wiki mbili, na kabla ya kumwaga uingize kidole udongoni, ukisikia unyevu uache. Jua la saa saba lisiupige. Ugeuze chungu kidogo kila Jumapili ili usipindie upande mmoja. Usiuhamishe, kwa maana mti huu ukihamishwa hununa na kuangusha majani.

Ooko alisoma polepole, akauliza kwa nini hakumpa mwalimu.

"Mwalimu ataumwagilia kila siku ili aonekane anajua," Wahome alisema. "Mti huu hauuawi na kiu, bwana. Unauawa na mkono usiojua kuacha. Wewe umejua kuacha. Nikirudi niukute mzima, nitasimama hapa mbele ya mke wako niseme umepona, na yeye aache kunusa vikombe."

Caren alikuwa jikoni na alisikia. Kelele za sufuria zilikoma.

Kwa wiki saba Ooko aliutunza ule mti kama yai. Aliingiza kidole udongoni mara nyingi hadi kucha ya kidole kile ikawa na rangi yake peke yake. Kule Dunga, wenzake walimuuliza kama mti umeota noti za elfu au za mia, na kama anaweza kuwaletea tawi moja kabla ya ada za shule. Yeye alijibu kwamba umeota majani mapya sita na kwamba mpumbavu yeyote anaweza kuwa na noti. Kila Jumapili baada ya ibada Wahome alipiga simu ya video kutoka kitandani. Ooko alizungusha simu kuuzunguka mti, na Wahome aliuangalia, kisha akauliza habari za watu.

Ndipo mama mkwe alipokuja.

Alikuja kutoka Awasi kufanyiwa upasuaji wa jicho. Baada ya upasuaji alitakiwa kubaki mjini wiki tano, atiwe dawa na aangaliwe. Kwa Wajaluo mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake, kwa hivyo usiku alikwenda kwa mpwa wake Maximilla kule Nyalenda. Lakini Maximilla alifanya kazi hotelini mchana kutwa, na kwa Caren ndiko kulikokuwa karibu na kliniki. Hivyo kila siku saa mbili asubuhi bodaboda ilimshusha mlangoni, na saa kumi na moja jioni Maximilla alimchukua. Daktari alikuwa amempa miwani mikubwa myeusi, na alipokaa na leso yake kichwani na miwani ile usoni alionekana kama mpiga gitaa wa zamani aliyekuja kudai malipo.

Ooko, ambaye alimwambia kila mtu ukweli usoni, kuanzia mwenye boti hadi kasisi, alikuwa na mtu mmoja tu duniani ambaye hakuweza kumwambia neno. Mama mkwe hatazamwi usoni. Habishiwi. Haketi kula pale anapokula mkwe wake. Katika miaka ishirini na mitatu ya ndoa, wawili hao walikuwa wamebadilishana salamu tu, tena kila mmoja akiwa anatazama pembeni. Ooko alitoka alfajiri, akarudi saa tisa, akaingia kwa mlango wa jikoni, akakohoa mara mbili kutoa habari kwamba amefika, akabaki jikoni hadi Maximilla alipokuja. Mama mkwe alikaa sebuleni kwenye kiti cha dirishani, kwa sababu pale palikuwa na upepo. Na kando ya kiti cha dirishani, kwa sababu mti ukihamishwa hununa, palikuwa na mti.

Caren naye aliuza mapazia ya mitumba sokoni Kibuye. Kabla ya kutoka asubuhi alimwachia mama yake chupa ya uji wa wimbi. Sukari ya mama ilikuwa imepanda na daktari alikuwa ameikataza, kwa hivyo uji haukuwa na sukari. Caren alikuwa mtu wa kutii, na kwa kuwa alitii, aliondoa pia maziwa na ndimu, visije vikawa na sukari ya kujificha. Kila mchana alirudi kumtia mama dawa, akaitikisa chupa na kuikuta tupu, akafurahi.

Wiki ya pili ya mama mkwe, jani la kwanza liligeuka njano.

Ooko aliliona akadhani ni uzee. Kesho yake yakawa matatu. Juma lililofuata yalikuwa yanadondoka yenyewe, tena si makavu bali laini, kama mboga iliyosahauliwa jikoni. Aliingiza kidole udongoni na kidole kikatoka kimelowa. Akaruka wiki ya maji. Akaruka nyingine. Bado udongo ulikuwa umelowa. Alimuuliza Caren kama anaumwagilia, na Caren akamwambia kwamba yeye ana watu wa kutosha wa kulisha. Alipanda juu ya stuli akaangalia kama dari linavuja. Jumapili alimwonyesha Wahome upande mmoja tu wa mti, ule uliokuwa bado na majani, na Wahome alipomwomba azunguke, Ooko akasema mtandao ni mbaya. Lilikuwa neno la uongo la kwanza alilosema tangu aache pombe.

Ikabidi ameze kiburi na kumwita Waliaula. Mwalimu alikuja jioni, mama mkwe akiwa ameshaondoka, kalamu mfukoni, akabonyeza mashina, akachungulia chungu, akasema maji yamezidi. Ooko akasema yeye hajamwaga tone kwa wiki nne. Waliaula akatabasamu. Kisha akainama karibu zaidi, akavuta hewa, na tabasamu lile likapanuka.

"Baba Elsie," alisema kwa upole mkubwa, "hapa pananuka busaa."

Na kweli palinuka. Ooko aliinama na pua yake ikamwambia kitu ambacho pua yake ilikijua kuliko kitu kingine chochote duniani. Harufu ya wimbi lililochacha, nzito na chachu, ilipanda kutoka kwenye udongo wa mti wa Wahome kama vile chini yake kulikuwa na klabu ya pombe. Inzi wadogo waliruka juu ya chungu wakiwa wamefurahi.

Kufikia usiku ploti yote ilijua. Wengine walisema Ooko anaficha pombe ndani ya chungu na kuinywa kwa mrija. Wengine walisema anakunywa huko Dunga, na akifika nyumbani anatapika mtini. Caren alikuja, akasimama mbele ya mti, akanusa mara moja, akaingia chumbani. Ooko alimfuata akaapa kwa mama yake na kwa bintiye Elsie aliye chuoni. Caren alimsikiliza hadi mwisho.

"Jumamosi Mama anarudi Awasi," alisema. "Bwana Wahome naye anarudi Jumamosi. Nitamngoja auone mti wake. Kisha mimi na Mama tutapanda gari moja."

Ilikuwa Jumatatu.

Jumanne Ooko alifika Dunga akakuta amesahau spana yake namba kumi na saba, na bila spana hiyo injini iliyokuwa inamngoja isingefunguka. Akarudi nyumbani. Ilikuwa yapata saa nne asubuhi, saa ambayo hakuwahi kuwa nyumbani. Aliingia kwa mlango wa jikoni, akafungua kinywa akohoe, kisha akakifunga, kwa sababu kupitia ufa wa pazia alimwona mama mkwe amesimama.

Alikuwa na kikombe cha uji mkononi, kimejaa hadi ukingoni. Alipapasa hewani kwa mkono wa pili hadi akagusa majani, akafuata shina hadi chini, akamimina uji wote kwenye chungu taratibu bila kumwaga tone sakafuni. Akakung'uta kikombe.

"Kunywa, mwanangu," aliuambia mti. "Wewe na mimi tuko nyumba ya shida."

Kisha akafungua chupa, akamimina kikombe cha pili, akaupa nacho.

Ooko alirudi nyuma kwa ncha za vidole, akatoka, akakaa nje juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alielewa yote mara moja. Mama mkwe hawezi kurudisha chakula jikoni kwa mkwe wake. Kikombe kikirudi kimejaa, ni kusema nyumba hii inapika takataka, na neno hilo litatembea hadi Awasi na kurudi. Kuumeza nako alishindwa. Akatafuta kinywa kingine, na kinywa kilichokuwa karibu ni cha mti wa Wahome. Wiki tano, vikombe viwili kwa siku, katika joto la Kisumu. Hata jiwe lingechacha.

Basi alikuwa amepata ushahidi wake. Angeweza kwenda Kibuye sasa hivi, amtoe Caren kwenye mapazia yake, amwage mtama kwenye kuku wengi, na kufikia saa sita awe mtu safi. Alisimama, akaketi tena. Angemwambiaje Caren kwamba mama yake anamwaga chakula cha nyumba hii? Na mama mwenyewe angejisikiaje, mwanamke wa miaka sabini na mitatu, akijua kwamba mkwe wake alimchungulia nyuma ya pazia kama mwizi? Angepanda gari la Awasi siku hiyohiyo na asingekanyaga tena Kisumu, jicho lipone lisipone. Ooko alikuwa ameshamwaibisha mwanamke huyu vya kutosha. Siku ile ya Kendu Bay, ni yeye aliyekuwa nyumbani akimliwaza Caren.

Alichukua spana yake akarudi kazini. Njiani alipita kwa Maryanne, mwanamke anayeuza miche kando ya barabara ya Dunga, ambaye alikuwa na miti ya pesa ya kila kimo. Ooko alimwuliza, kama mtu anayeuliza tu, iwapo ana mmoja wa kumfika mtu kifuani, wa mashina matano. Maryanne alimwonyesha mmoja. Akaeleza bila kuulizwa kwamba wanaume watatu mwaka huu wamekuja kununua mti wa kuficha mti uliokufa, na wote watatu walikamatwa, kwa sababu mwenye mti huujua msuko wake kama mama anavyoyajua meno ya mtoto. Ooko alimwambia afunge mdomo na amfundishe jinsi ya kutibu mizizi iliyooza. Maryanne alimfundisha, na Ooko akamkopa gunia la mchanga.

Jumatano alirudi nyumbani mapema, saa nane. Alikohoa mara mbili, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliingia sebuleni mama mkwe akiwamo. Aliingia macho yakiwa sakafuni, akapiga magoti mbele ya chungu, mgongo ukielekea kiti cha dirishani. Akakohoa tena, maana alikuwa anaogopa.

"Wewe mti," alisema, "mimi shule niliiacha mapema na sijui kuzunguka. Nitasema moja kwa moja. Uji unakuua."

Nyuma yake kiti kililia kidogo, kikanyamaza.

"Sikulaumu. Mgeni atarudishaje kikombe? Umeunywa kwa adabu. Lakini mizizi imeoza, nyumba inanuka kama klabu, na mke wangu anadhani mlevi ni mimi. Jumamosi Wahome anakuja. Wewe utatupwa jalalani, na mimi nitabaki humu peke yangu nikipika dagaa wa omena. Kama uji huutaki, sema leo."

Nje kuku wa mtu alipita akilalamika. Ooko alikuwa karibu kuinuka na kutoka aliposikia sauti, si kubwa, ikipita juu ya bega lake kuelekea kwenye majani.

"Mti, mwambie huyo bwana kwamba uji huo una ladha ya ukuta uliolowa."

Ooko hakugeuka. "Mti, mjibu kwamba sukari ilikatazwa na daktari."

"Daktari hakukataza samaki."

Ooko alifikiri. Hilo lilikuwa kweli. "Mti, unataka samaki gani?"

"Ngege. Mbichi, wa kuchemsha na nyanya. Na kichwa kisiondolewe."

"Na uji?"

"Apelekewe yule mwalimu anayenusanusa." Sauti ikashuka. "Mwambie pia kwamba sikuwa na nia mbaya. Nilisikia mti huu unapewa kikombe kimoja kwa wiki mbili. Hata mbuzi wa adui hatendewi hivyo."

Ooko alieleza, akiuambia mti, kwamba hiyo ndiyo desturi yake, kwamba yeye ni mti wa kunywa kidogo. Mama mkwe akasema basi mti huo ungemfaa bintiye zaidi kuliko mume aliyempata mwanzo, lakini anasikia kwamba siku hizi mume huyo amebadilika. Hapo Ooko aliinua chungu akatoka nacho nje haraka, kwa sababu macho yalikuwa yanamwasha.

Barazani aling'oa mti kutoka kwenye udongo wake mweusi unaonuka, akaosha mizizi kwa maji safi, akakata kila uliokuwa laini. Kati ya mashina matano, mawili yalikuwa yameoza hadi juu. Aliyabonyeza yakabonyea kama muhogo uliopikwa kupita kiasi. Aliyatoa polepole katikati ya msuko, na matatu yaliyobaki yakawa na mapengo, yakaegemeana vibaya kama watu watatu wanaotoka klabu. Alitoboa matundu chini ya chungu kwa drili ya kazini. Akachanganya mchanga na makaa yaliyopondwa na udongo mkavu, kama Maryanne alivyosema. Alipokwenda jikoni kunawa mikono alichelewa kidogo kwa makusudi. Aliporudi, mashina matatu yalikuwa yamefungwa pamoja kwa vipande vya kitambaa chekundu chenye maua, mafundo madogo yaliyokazwa sawasawa kwa vidole visivyohitaji macho, na mti umesimama wima. Kwenye kiti cha dirishani hakuna aliyekuwa amesogea.

Alhamisi na Ijumaa asubuhi Ooko alileta ngege kutoka Dunga, akawachemsha mwenyewe, akaweka sahani na kutoka. Sahani ilirudi na mifupa mitupu. Chupa ya uji aliimimina karoni yeye mwenyewe, na Caren aliporudi mchana na kuitikisa, alifurahi kama kawaida.

Jumamosi mabegi mawili yalikuwa mlangoni, la mama na la Caren. Wahome alifika saa tano, ana fimbo mpya na nyonga mpya. Waliaula aliingia nyuma yake bila kualikwa. Wahome hakusalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akasimama, akaangalia. Majani yalikuwa tisa tu, lakini juu kabisa palikuwa na ncha ndogo ya kijani iliyokuwa inafunguka.

"Mashina yalikuwa matano," alisema.

"Mawili yamefia mikononi mwangu," Ooko alisema. "Maji yalizidi."

"Nilikuambia mti huu hauuawi na kiu."

"Uliniambia."

Waliaula alisafisha koo, akauliza kama Bwana Wahome ameelezwa habari za busaa. Wahome akamgeukia Ooko na kumwuliza busaa gani. Ooko aliangalia sakafu. Caren alimngoja aseme, akamngoja sana, na alipoona hasemi akainama akashika begi lake. Akiwa ameinama macho yake yalikuwa sawa na msuko wa mti, ambao hakuwa ameutazama tangu Jumatatu, na pale alisimama akiwa amejikunja nusu.

"Hiki kitambaa," alisema polepole. "Mama, leso yako inafanya nini hapa?"

Mama mkwe alivua miwani. Jicho lilikuwa limepona, jekundu kidogo pembeni lakini kali, na alilitumia kwanza kuuangalia mti, ambao hakuwa ameuona vizuri hata siku moja.

"Mti," alisema, "waambie watu hawa kwamba mlevi wa nyumba hii ni wewe, na aliyekulewesha ni mimi. Uji wote wa wiki tano umeunywa wewe. Mkwe wangu alijua tangu Jumanne. Angeweza kusema akajiokoa. Alinyamaza, akaniletea samaki. Binti yangu anayenusa vikombe vya watu, mwambie anuse na hilo."

Begi lilirudi sakafuni. Wahome alianza kucheka kwanza, akiwa ameshika nyonga yake mpya kwa mikono miwili, akiomba watu wasimfanye acheke kwa kuwa daktari alimkataza. Waliaula alikumbuka kwamba ana madaftari ya kusahihisha. Caren alimwangalia mumewe, na Ooko, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, hakuangalia pembeni. Wahome alipopata pumzi alisimama mbele ya Caren kama alivyoahidi.

"Mama Elsie, huyu amepona. Mimi nimemaliza."

Caren aliitika kwa kichwa. Halafu uso wake ukabadilika, akamgeukia mama yake.

"Mama. Uji wangu una nini?"

Mama mkwe alivaa miwani yake tena. Kila mtu aliuangalia mti.

Jioni ile Ooko alimbebea Wahome mti wake hadi kwake, na mama mkwe akapanda gari la Awasi akiwa na begi moja tu. Caren alibaki. Kwa wiki tatu kona ya dirishani ilikuwa tupu, na sebule ilikuwa na sura ya kinywa kilichong'olewa jino. Wiki ya nne Ooko alipita kwa Maryanne kumrudishia gunia, akarudi nyumbani na mti mdogo wa kimo cha chupa ya soda, mashina matatu. Caren alimwuliza ni wa nini. Ooko akamkumbusha kwamba Jumatatu mama anakuja kliniki kuangaliwa jicho.

Jumatatu Ooko alichemsha ngege kabla ya kutoka, akarudi kutoka Dunga saa tisa, akaingia kwa mlango wa jikoni, akakohoa mara mbili, akaanza kunawa mikono. Kutoka sebuleni, nyuma ya pazia, alisikia kiti cha dirishani kikilia.

"Mti," sauti ilisema, "habari ya hapa? Mwambie huyo bwana kwamba ngege wa leo amezidishiwa chumvi."